Tarakimu Ishirini

Jumanne, saa tatu na robo usiku, stima ikaniishia kule Kahawa.
Nikanunua tokeni za mia tano gizani,
kidole kikafuata njia kiliyoizoea:
mita ya Buruburu,
nyumba niliyoihama miaka minne iliyopita
na masanduku mawili, blenda,
na mdomo uliojaa maneno ya mwisho.

Tarakimu ishirini zikaingia kwenye simu.
Nikazibonyeza. Mita yangu ikazitema.
Nikazibonyeza tena, taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.
Ikazitema.
Ndipo nikaitazama namba ya mita kwenye ujumbe
nikaitambua kama unavyotambua mwandiko.

Mimi ni msomaji wa riwaya zile, sifichi.
Zile ambazo jaladani mtu amepoteza kiatu kimoja
na walioachana hukutana tena harusini,
mmoja kamwagikiwa mchuzi, mwenzake kaazima shati.
Ukurasa wa mia mbili na themanini
mwanamume huukimbilia uwanja wa ndege, mvua ikimpiga,
na walinzi, sijui kwa nini, humwacha apite.
Nimezililia kurasa hizo huku nikitafuna njugu.
Lakini hakuna hata moja iliyonifundisha
namna ya kumpigia mtu uliyemwambia "tusijuane"
umwarifu kwamba umemlipia stima.

Alipokea mlio wa kwanza.
"Kemunto?"
Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa jina langu
likitamkwa vile lilivyotamkwa zamani
kutoka jikoni, maji yakichemka.

Nikasema: nina tokeni zako. Ni makosa. Nataka mia tano zangu.
Akasema: niko gizani tangu Jumapili.
Akasema: nilikuwa napiga pasi. Shati lina upande mmoja.
Kicheko kikanitoka kama kikohozi.

"Basi soma, Kemunto. Nimepanda kiti, nimeifikia mita."
Nikasoma. Sifuri, saba, saba, moja.
Nne nyingine. Nne nyingine.
Nikakisikia kile kiti, kile chenye mguu mfupi,
tulichokitegemeza kwa kadi ya harusi ya dada yake,
kikilalamika.
Tulipofika mwisho mita ikalia vibaya.

"Imekataa."
"Umebonyeza nini?"
"Ulichosema."
"Musembi, hujawahi kubonyeza nilichosema."

Kimya.
Mbwa wa jirani akabweka. Kumbe bado yu hai, mzee yule.
Hapa ndipo tulipoachania mara ya kwanza.
Watu walidhani kuna mwanamke wa pembeni,
mama yangu alidhani ni pombe;
ilikuwa sentensi kama hii tu,
tuliyoiacha mezani kila usiku bila kuifunika
mpaka ikachacha.

"Ni kweli," akasema.
Nikaitazama simu kuhakikisha ni yeye.
"Rudia. Safari hii nitasikiliza kwanza, ndipo nibonyeze."

Nikarudia.
Kila tarakimu akaitamka baada yangu
kama anayehesabu pesa asizopewa zawadi.
Ishirini.
Mlio mmoja, safi.
"Imewaka," akasema, akanyamaza,
nami nilijua anatazama nini.
"Ule ukuta bado ni wa manjano?"
"Bado. Ulishinda. Nimeuzoea hadi nimeupenda."

Akataka kunirudishia mia tano.
Nikamwambia, mia tano ya nini,
sasa mwenye giza ni mimi.
Akaomba namba ya mita yangu.
Nikamsomea, na sauti yangu, ajabu,
ikapungua kama ya mtu anayetaja umri wake wa kweli.

Zikaja tokeni za elfu moja.
"Zimezidi," nikasema.
"Hizo zilizozidi," akasema, "tutakuja kubishania."

Hakuna aliyekimbia. Ana goti bovu.
Mvua yenyewe haikunyesha, ilikuwa Septemba.
Ila Jumamosi anakuja Kahawa kuichukua blenda yake.

Blenda iliungua mwaka juzi.
Sijamwambia.