Shoka la Mikono Miwili

Alhamisi, ghorofa ya nne, Annelinn, mjini Tartu.
Theluji imeziba kioo cha jikoni,
na mezani: ramani ya penseli, kopo la dagaa,
mkate mweusi, kete yenye nyuso ishirini.

Leelo aliitupa. Ikazunguka, ikagonga kopo,
ikalala, moja ikitazama dari.

Mimi ndiye msimulizi; kazi yangu ni kutopepesa macho.
Nikasema, Joka limefunga kinywa.
Nikasema, Kuanzia kwenye kiwiko. Wa kulia.

Hakuna aliyetafuna.

Tõnu, mganga wetu wa kila Alhamisi
(siku nyingine husoma mita za maji),
alichomoa chupa ya dawa ambayo haipo:
Mpe Raudna anywe, utachipua mwingine kabla hakujacha.
Leelo akashika kifutio, akafuta neno *shoka*,
halafu akaliandika tena palepale
kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka.
Hanywi, alisema. Mwoshe kidonda.

Jumanne akanipigia simu, saa tano usiku.
Viatu vyake vina kamba au bizimu?
Sikuwa na jibu.
Miaka sita nimewavusha mito na makaburi,
sijawahi kumfunga mtu kiatu.

Vina kamba, nilisema. Nikasikia akishusha pumzi,
kama mtu aliyeombea kamba
na kuziogopa.

Baadaye ndipo alipotusimulia:
alijifunga mkono mbavuni kwa skafu ya mama yake,
akatoka uani na shoka la kuni la marehemu babu.
Pigo la kwanza lilimzungusha yeye,
kama mlango uliong'oka bawaba moja.
La pili likaua ndoo ya jirani.
Gizani, pua ikimchuruzika, akang'amua:
shoka haliinuliwi kwa bega.
Kiuno ndicho kinachobeba. Mkono unaelekeza tu,
na kuomba radhi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa. Walikuwa wakizungumzia chawa.

Alhamisi ikarudi. Leelo akaja na masharti yake:
Kata mpini, shubiri mbili.
Nikakata.
Punguza na uzito wa pigo, tusidanganyane.
Nikapunguza.
Kila mlango ataingia ubavu, ukuta kuumeni.
Na Tõnu asimame huko tu pale atakapoitwa.
Tõnu akatazama dagaa wake.

Halafu akauliza, taratibu,
kama mkono ule bado unawasha.
Nikamwambia, tupa kete.
Hilo si la kete, alisema,
na tukanyamaza mpaka birika likalia.

Darajani walikuwepo wanyang'anyi watatu.
Akakosa. Akakosa tena, akapigwa paja.
Mara ya tatu hakulizuia shoka lisimvute:
alikwenda nalo, mwili mzima, akaanguka juu ya mtu
ambaye hakutegemea kuangukiwa.
Wawili waliobaki walikimbia.
Sidhani walimwogopa. Nadhani hawakuelewa
wanapigana na nini.

Vita vyote, dakika nne.

Kisha nikatangaza kwamba kamba ya kiatu imefunguka,
kwa uchokozi tu, nakiri.
Tõnu akainama, mkono tayari umenyooka juu ya ramani.
Subiri, alisema Leelo.

Tukasubiri. Alieleza kila kitu:
goti hili, jino lile, ncha ikibanwa chini ya kisigino,
tanzi likiporomoka, tanzi likijengwa upya,
tusi la bibi yake wa Võru, ambalo sitalitafsiri.
Chai ikapoa. Basi la mwisho la Tõnu likapita.
Watu wazima wanne jikoni,
tumeinamia kiatu cha mtu asiyekuwepo.

Alipomaliza, alivuta karatasi yake,
kwenye orodha ya silaha, chini ya shoka,
akaongeza mstari, herufi bado zimelewa kidogo:
*Kamba za viatu. Anaweza. Polepole.*