Mgeni wa Dakika Kumi na Moja

Saa tisa kasorobo usiku, Ngomeni.
Feni imekufa tangu Jumanne,
chumvi imekula nyaya zake
kama inavyokula bawaba, minyororo ya baiskeli,
sarafu zilizosahauliwa mfukoni.
Mimi na Fumo tunakodolea skrini
tukingoja habari za jiwe.

Jiwe lenyewe halijapewa jina.
Lina namba, tarakimu nne,
kama ile aliyopewa mama
siku yake ya kwanza kwenye majaruba ya chumvi.
Linazunguka kule kati ya Mirihi na Mshtarii,
kwenye ukoko uliobaki chunguni
sayari zilipokwisha kupakuliwa.
Upana wake kilomita nne na ushei:
ukianzia hapa kwa miguu
utakuwa umelimaliza kabla hujafika Gongoni.

Chombo hakikutumwa kwake.
Kina safari yake, kina mwenyeji wake mbele;
jiwe liliangukia njiani tu,
kama nyumba ya kuombea maji
huku injini inanguruma barabarani.

Na tunachokingoja kimekwisha pita.
Mawimbi huchukua dakika ishirini na mbili kutufikia.
Kama kimegonga, kimekwisha gonga.
Kama kimeona, kimeona.
Sisi ndio tuliochelewa.

Kisha mstari. Mstari mwingine chini yake,
kijivu juu ya kijivu,
kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka.
Fumo akaacha kutafuna.
Kwanza doa.
Kisha doa lenye kivuli.
Kisha bonge,
wallahi, bonge la chumvi lililokosewa na beleshi,
nene huku, limebonyea huku,
na shimo moja kubwa pembeni:
liligongwa na nini, lini, hakuna shahidi.

Picha arobaini na sita. Basi.
Upande wa pili ulikuwa gizani.
Fumo akaandika daftarini kwa herufi zake za kulala:
*upande wa pili, kwa makadirio.*

Asubuhi nikamwonyesha mama kwenye simu, kinyume cha kanuni.
Alikuwa akipaka miguu mafuta ya nazi,
nyufa za visigino zilizofunguliwa na maji makali.
"Limekaa huko muda gani?"
Miaka bilioni nne, nikasema, na zaidi.
"Na mgeni wake, alikaa?"
Dakika kumi na moja.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hata chai haikutokota!"

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.
Mwaka walipotia lami barabara kuu,
gari la watalii lilisimama ukingoni mwa jaruba.
Halikuzimwa. Mkono ulitoka dirishani na kamera,
ukarudi ndani, vumbi.
Miezi mingi baadaye, Malindi mjini,
alikwenda kununua kiberiti, akajiona
kwenye kadi zinazoning'inia dukani:
shavu la kulia, beleshi begani, weupe mtupu nyuma yake.
Chini, maandishi ya Kiitalia.
Akamwuliza mwenye duka, wameandika nani?
"Mwanamke. Mwanamke na chumvi."
Hata namba hawakuweka.

Shavu la kushoto halikuwamo,
lile lililochomwa na koroboi akiwa mtoto,
lile tulilolilalia sisi sote sita kwa zamu.

"Sasa huo upande msiouona," akaniuliza,
"mmekadiria nini?"
Kwamba unafanana na huu.
Hakujibu. Akatafuta ndara chini ya kitanda.

Nilipaswa kulala. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
jiwe hujigeuza mara moja kila saa kumi na tatu.
Maana yake upande ule umekwisha ingia juani,
wote, na mashimo yake, na chochote kilichomo,
na chombo kimekwisha kwenda, kimegeuza jicho.

Dirishani nilimwona mama akiishika njia ya majarubani,
jua la saa moja likimpiga ubavuni,
beleshi amelihamishia bega la kushoto.