Ukurasa wa Kumi na Nne

Mara ya kwanza walikuja na fulana,
kijani, zote saizi moja,
na miche elfu kumi ya mkoko. Mkoko mtupu.
"Pandeni hapa," akasema mwenye kipaza sauti,
akielekeza ukingo wa nje, mdomoni mwa hori.
Mamangu, Mwanamkuu, akasema: pale pa mlilana,
mkoko hausimami pale.
Hakuna aliyeandika.
Tukapanda. Tukapigwa picha. Tukala pilau.
Bamvua la pili likahesabu upya:
sifuri, na fulana moja ikielea kuelekea Makupa.

Safari hii kaja Musembi, peke yake,
na viatu virefu vya mpira, na faili.
Nikamwambia: vua.
Hakuvua. Tope la Jomvu likamvua lenyewe;
kiatu cha kushoto kimo humo hadi leo.
Tukaenda pekupeku:
mlilana mbele, unaopigwa na wimbi usilalame,
nyuma yake mkoko na miguu yake mingi,
muia, mkandaa wenye ganda la kutia wekundu,
na mchu huku juu, karibu na vyoo vyetu,
jani lake ukiliramba ni chumvi.
Akaramba. Akaandika.

Sikumficha. Nilimwonyesha visiki vya jana,
na moshi wa mapipa ya chang'aa upande wa Mikindani,
na mkataji nikamtaja: Hamadi,
tumbo moja nami.
Hata dari ya nyumba yetu ni boriti za humu.
Babu alizikata, ila mti mama hakuugusa,
na hori alilokata mwaka huu
harudi mpaka mjukuu atembee.

Barazani akafungua faili.
Ukurasa wa kumi na nne:
"Jamii itashirikishwa."
Nikasoma mara mbili, darasa la saba nililimaliza.
Kushirikishwa ni kuitwa kwenye pilau.
Shoka likilia usiku, mwenye kushirikishwa
hupigia Shirika simu, na simu huita, huita.
Nikasema: kata neno hilo, andika "itaamua".
Akasema hana mamlaka.
Nikasema: basi tumekuwa wawili.

Kaondoka na faili, anasema ataipigania.
Kalamu kaisahau.
Nami kapuni nina mbegu za mkoko, ndefu kuishinda,
zimechipua zingali mtini,
hazikungoja kupewa ardhi.
Kesho maji yakipwa, saa nne,
nitazichomeka safu ya pili, nyuma ya mlilana.
Hamadi anasema atakuja kunibebea kapu.
Tutaona.