Kibla ya Paneli

Nilifika Makorora
na bisibisi na dira,
nikakuta pana kura:
iwekwe upande gani.

Mbaruku ataka mbele,
wapitao njia ile
waione, wasilale
kwa wivu humo vyumbani.

Nikauliza: “Mwasali?
Basi jibu si la mbali.
Kibla yenu ni dalili
ya kaskazini, jamani.

Tu kusini mwa ikweta.
Jua huku likipita
muda mwingi hujivuta
upande huo, pembeni.

Digrii kumi inama,
kama kichwa cha kusoma,
maji yasijetuama
na vumbi liende chini.”

Ndani, mzazi Mwanjaa,
siku ya tano akaa;
kukandwa kwala mkaa,
gunia lafika chini.

Mkandaji, Bi Sauda,
akanambia: “Faida?
Taa sina nayo shida.
Nipe joto la bafuni.”

“Nuru na joto hutoka
tumbo moja; vikifika
paani vyatenganika,
kila kimoja kazini.

Paneli yataka nuru,
joto jingi huidhuru;
hewa chini iwe huru,
isigandane batini.

Kuti moja la mnazi,
kivulile kama uzi,
paneli huzira kazi
yote, si pale konani.

Wati ni kasi ya bomba,
wingu likija huyumba.
Wati-saa: kile nyumba
ilichojaza ndooni.

Betri ni mtungi wake,
usiache ukauke;
nusu chota, nusu yake
ibakie kule chini.

Kati, kidhibiti chaji
ndiye bawabu wa maji,
hufunga bila kuhoji
ukifika ukingoni.”

Ila shemeji Mbaruku
kaja na pasi usiku.
Betri mpya, moja siku!
Kachomeka ukutani.

Inveta yalia: pi! pi!
Taa zote ziko wapi?
Kanzu imebaki vipi?
Mikunjo hadi shingoni.

Pasi yala wati elfu,
paneli mia, dhaifu.
Hesabu haina hofu
wala haina utani.

Zamu ya joto, rahisi:
bomba la rangi nyeusi
hulinywa jua upesi,
limelala sandukuni.

Kioo chake mlango,
kuingia pasi hongo;
joto halina mpango
wa kurudi mitaani.

Chini, ubavuni, kumbi
la nazi, nyuzi na vumbi;
watoto wajaza tumbi
kutoka kule jaani.

Hilo ni blanketi, kweli,
joto lisiende mbali;
halina haja ya mali
wala safari dukani.

Tangi nikaweka juu,
ndiyo siri yake kuu:
maji huota mguu
yakipata moto ndani.

Mepesi hupanda dari,
mazito yaja kwa ari,
bila mashine hodari
wala swichi ukutani.

Saa tisa, Bi Sauda
kafungulia kwa muda,
kasahau kawaida
ya kupima kidoleni.

“Yachoma!” akapaaza.
Ndoo baridi kajaza,
majani akakoleza,
yale ya mwarobaini.

Mwanjaa, mgongo wazi,
kitambaa, jasho, chozi;
jua la leo, si juzi,
lamwagika kiunoni.

Si miujiza, naapa.
Masika yalipotupa
mawingu mazito hapa,
siku tatu za gizani,

maji kawa vuguvugu.
Mkaa ukaja, fungu.
Nikalipa, fedha yangu,
bila neno mdomoni.

Arubaini kutimu
Mbaruku kaja na hamu,
kanzu safi, tabasamu.
Kapiga pasi kazini.

Kanivuta: “Wati ngapi
zitaniponya na pi-pi?
Na kivuli kiko wapi
saa za alasirini?”

Nikampa dira yangu.
Akapanda ngazi yangu,
akatazama mawingu,
na kisha kibla, paani.