Mara Ngapi

Afande Nandonde anajaribu kalamu kiganjani,
haitoi wino, anaipuliza, inatoa.
"Bi. Somoe, ulimpiga mara ngapi?"

Andika, mwanangu, nitakwambia polepole.
Andika kwanza kwamba nyumba yangu ya Mnyambe
ina mlango mmoja wa bati na komeo la msumari,
na ukuta wa nyuma marehemu aliuinua
mwaka ule salfa ilipochelewa, korosho zikaota ukungu,
ndiyo maana haukupigwa lipu,
ndiyo maana tofali linang'oka kwa kijiko.
Andika kijiko. Alikuja na kijiko.

Nilisikia kwaru, kwaru, nikadhani panya.
Panya akakohoa.

Ndani kulikuwa na magunia manne sijayafikisha ghalani,
na juu ya magunia, mjukuu wangu Fadina, miaka sita,
kwa sababu kitanda ni kimoja
na miguu yangu huwaka moto usiku.
Mtaje yeye kabla ya korosho.
Ukiniibia gunia nitalia mnadani, wenzangu watanisikia.
Mtoto nikamlilie wapi?

Haki ninayo, usinifundishe.
Kijana wa msaada wa sheria alikuja mkutanoni,
shati jeupe, vumbi jekundu mpaka magotini,
akasema: mtu akikuingilia kwako, jilinde,
kwa kiasi cha hatari iliyopo.
Tulimpigia makofi.
Hakuna aliyemuuliza kiasi hicho kinapimwa na nini.
Mimi navijua vipimo viwili: mizani ya chama
na bakuli la kangomba, lile la mchuuzi wa njia za panya,
ambalo hujai kwako hata ukilijaza mpaka limwagike.
Gizani, mwanangu, hata bakuli sikuliona.
Nilipapasa nikaupata mchi.

Mara ya kwanza alikuwa nusu ndani, nusu nje,
kichwa na bega, kama ndama anayezaliwa vibaya.
Mchi ukashuka. Umeshuka miaka arobaini juu ya muhogo,
haukuhitaji kuambiwa njia.
Hiyo ni yangu. Hiyo naiwekea dole gumba.

Mara ya pili alikwishasema "Mama."
Si mimi aliyeniita, kila anayeumia humwita mama.
Lakini mkononi kitu kilimetameta,
nikasema panga.
Kumbe kijiko, nimeshakwambia.
Hiyo ya pili ipime wewe, una kofia ya serikali.

Kalamu imekauka tena? Ipulize.

Kabla ya ya tatu Fadina aliamka, akawasha tochi ya simu,
akammulika usoni.
Chikambu. Chikambu wa Bi. Habiba,
aliyenipulizia mikorosho mwezi wa sita,
bomba mgongoni, macho mekundu kwa salfa,
nami nikamlipa nusu, nikamwambia
subiri, malipo ya pili yakitoka utakuja kuchukua.
Yalitoka. Nilinunua bati.

Nikamwona. Nikamjua. Akaniona nikimjua.
Mkono ulikuwa bado juu.

Majirani wananisifu, wananiita mwanamke chuma,
mmoja kaniletea kuku.
Chikambu yuko Ndanda, mkono umefungwa mbao,
mkono ule ule wa bomba.
Jana mama yake alisimama uani kwangu, hakutukana,
hakukaa, hata maji hakuyataka.
Alidai ile nusu tu.
Nikamhesabia. Akahesabu na yeye, akafunga kwenye pindo la kanga,
akaondoka kwa njia ya nyuma,
pale ukuta ulipotoboka.

Afande anashusha sauti:
"Mama, tuandike mara mbili. Mbili zinatetewa."
Ana huruma, mtoto wa watu. Ana mama yake Nanyamba.

Nje ya dirisha Fadina anachezea kokoto,
anarusha moja, anadaka, anahesabu kwa sauti.
Ndiyo kwanza kaanza shule,
na hajajifunza bado kuruka namba.