Oili Haijapanda

Saa kumi na moja alfajiri, Julai, Kirumba bado giza.
Ubaridi wa ziwani umelala juu ya boneti
kama mgeni aliyepewa kitanda.
Canter yangu ina miaka ishirini na sita;
kilomita sizijui, mita ilikufa Shelui siku nyingi.

Nazungusha ufunguo nusu.
Kale kataa ka koili, ka njano, kanawaka.
Shigela anasema, "Si uwashe, baba."
Nasema, ngoja kazimike.
Miaka minne hakupiga simu,
sekunde nane zinamshinda.

Inakohoa. Inakohoa tena. Inashika.
Moshi mweupe unapanda ukuta wa Maduhu,
na Maduhu naye anawasha lake,
palepale mguu chini, vuuu, vuuuu,
hadi mawe ya mlimani yanaitikia.
Mwaka huu kashusha injini mara mbili.

"Oili imelala chini kwenye sampo," namwambia kijana,
"usiku kucha imejikusanya, nzito kama asali.
Huko juu chuma ni kikavu.
Ukikikimbiza sasa, kinajila chenyewe."
Anatazama viatu vyake.
Nahesabu moyoni mpaka tisini.
Hatuna la kusema, tunasikiliza valvu.

Lakini usikae mno, hilo nalo kosa.
Gari lililosimama halipati moto,
linakunywa dizeli tu na kuota masizi.
Moto linaupata likienda:
gia ya kwanza, ya pili, mguu mwepesi
kama unapita mlangoni kwa mgonjwa.

Nyuma tuna vipande arobaini vya barafu
chini ya turubai na pumba,
vya sangara wa Kayenze.
Pasiansi, sindano bado iko chini.
Ilemela, imenyanyuka kidogo,
mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
Shigela anafungua kioo, anafunga.
Anasema barabara imepanuliwa.
Nasema ndiyo, imepanuliwa.

Igombe. Sindano katikati.
Ndipo ananiuliza, macho mbele:
"Mama mlimlaza upande gani?"

Sikanyagi breki, sikanyagi mafuta.
Namwambia, kwenye mihogo,
karibu na lile jiwe alilokuwa anaanikia dagaa.
Tutapita tukirudi.

Halafu natia gia ya tano,
na nyuma yetu barafu inadondoka barabarani,
tone, tone.