Futikamba

Mimi gazeti sianzi kwa kulisoma. Nalipima.
Ndiyo desturi ya meza yangu hapa Mlango Mmoja:
gazeti la jana huwa kiolezo,
kola, mkono, mfuko wa nyuma,
na mkasi haujali nani kasema nini.

Lakini Jumatatu nilinunua la siku hiyohiyo,
limeshuka na basi, bado lina joto la buti,
kwa sababu Jumapili nilikuwepo.
Mabatini. Lushinge juu ya lori, sauti imemkauka,
jua la saa nane limeufagia uwanja mzima
na sisi tumepanda mawe.
Majabali yalivaa watu, nakwambia,
yalivaa mashati na kanga na watoto mabegani
hata rangi ya jiwe usiione.

Ukurasa wa kumi na moja, chini, kushoto,
juu ya tangazo la dawa ya kunguni:
picha ya uwanja. Vumbi. Mbuzi mmoja.
"Lushinge ahutubia wachache."
Mbuzi, nakiri, alikuwepo.

Nikavuta futikamba shingoni.
Kwilasa: ukurasa wa kwanza,
sentimita thelathini na nne kwenda chini,
kashika mtoto asiye wake, anacheka,
nyuma yake watu wamejaa mpaka pindo la picha.
Na pindo, mimi fundi, najua huficha nini.
Lushinge: sentimita sita. Pamoja na mbuzi.

Nikampelekea Minza, jirani yangu, muuza vifungo.
Minza ni wa Kwilasa tangu enzi za udiwani.
Hakubisha. Akainama chini ya meza,
akatoa gazeti lingine, la Alhamisi,
lile la kwetu, ninaloapa kila siku kuwa halina upande.
"Haya, pima na hili."
Nikapima.
Kwilasa alikuwa sentimita nne,
kapigwa picha akipiga chafya.

"Mwamba ngoma," akasema Minza,
akaniachia nimalizie mwenyewe.

Sikumalizia. Nilikuwa natazama cherehani,
vizibao mia mbili vya Lushinge
vinasubiri vifungo, vifungo vya Minza,
nusu ya hela imeshalipwa.

Futikamba yangu ina miaka kumi na tisa.
Imelegea. Wateja wanalalamika nguo zinawapwaya,
mimi nawajibu wamekonda.

Lakini mawe yalijaa.
Hilo silipunguzi hata nusu inchi,
aje Minza, aje mhariri mwenyewe na mkasi wake.
Jioni ile nilifunga mapema, nikapanda Mabatini
bila kujua natafuta nini.
Uwanja mtupu, kama picha. Mbuzi hayupo.
Juu kabisa, kwenye jabali ambalo gazeti halikuliona,
kandambili moja, ya mtoto,
mguu wa kushoto,
kamba yake imefungwa kwa waya.